Trei Isiyochafuka

Kwa miaka mitatu Watiri aliisugua trei ile kila asubuhi mpaka akajiona uso ndani yake, na kwa miaka mitatu hakuwahi kujiuliza mbona haichafuki. Baadaye, hasira ilipompanda, alijiuliza swali hilo mara nyingi na kila mara alikosa jibu la kumpendeza. Mfagiaji wa wodi anaujua uchafu kuliko daktari. Anaweza kunusa shuka tu akakuambia limetoka kitanda gani. Sasa mtu kama huyo, mwenye pua yake na macho yake, anawezaje kupangusa kitu kisafi siku nenda siku rudi na asishtuke?

Ilikuwa trei ya chuma. Juu yake palipangwa bakuli mbili ndogo, koleo mbili nyembamba, chupa ya gliserini, pamba zilizoviringwa na kibakuli kilichopinda cha kutilia taka. Vyote vilifunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni. Ilikaa mwisho wa wodi ya wanaume, kando ya mashine ya kupumulia, na ukutani palibandikwa karatasi iliyopigwa taipu: USAFI WA KINYWA, MARA SITA KWA SIKU.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, katika vilima vya Nyeri, chai mbele yake na msitu nyuma. Zamani iliongozwa na metroni Mzungu aliyekuwa akipitisha kidole juu ya kabati akitafuta vumbi. Uhuru ulipokuja, yule mama alifunga masanduku yake akaenda, na baada ya miaka michache kiti chake kikakaliwa na mwanafunzi wake, Sista Warigia, metroni wa kwanza mweusi hospitalini hapo. Warigia alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayesema hospitali ilioza siku waliyoachiwa Waafrika. Kiapo kizuri hicho. Kasoro yake ni kwamba alilinda yale tu ambayo wakaguzi wangeyaona. Kila Agosti kamati ya hospitali ilikuja kukagua, na tangu Juni watu walitembea kwa vidole.

Mashine ya kupumulia ilikuja mwaka wa elfu moja mia tisa na sabini, zawadi ya makanisa ya ng'ambo, na trei ikaja nayo. Muuguzi Mzungu aliyeileta alikaa wiki mbili, akawafundisha, akaondoka. Mwaka uleule, ukaguzi ukiwa umekaribia, mwanafunzi mmoja wa uuguzi alimwaga gliserini kwenye kile kitambaa. Sista Warigia alimpigisha magoti akamfanya asugue sakafu ya wodi nzima mbele ya wagonjwa. Tangu siku hiyo somo likaeleweka: trei ni ya kuonwa. Ukitaka amani, usiiguse.

Tena walikuwa na sababu yao ya kujituliza moyo. Mgonjwa wa mashine halishwi kwa mdomo. Uji wake unapita kwenye mpira wa puani. Basi manesi wakaambiana kwamba mdomo usiokula hauwezi kuchafuka. Sijui ni nani alianza kusema hivyo. Lilikuwa neno tamu kwa mtu aliyechoka, likashika, na asiyelisema alilitii. Kila baada ya saa nne mtu alichukua kalamu, akaweka alama kwenye kadi, akaendelea na shughuli nyingine.

Watu watano walikuwa wamelazwa kwenye ile mashine. Wote watano walitoka wamefunikwa. Watiri aliwakumbuka mmoja baada ya mwingine, maana ndiye aliyeosha vitanda vyao: mwalimu Peterson aliyechomwa na msumari, Mburugu dereva wa lori, mkulima mmoja wa Mwea aliyeumwa na nyoka kwenye mpunga, na wengine wawili. Kwenye kitabu cha hospitali mbele ya kila jina paliandikwa neno moja, nimonia. Watu waliamini ni mashine inayoleta nimonia. Walisema inapuliza baridi.

Kisha, Julai ya mwaka wa kumi wa uhuru, akaletwa Theuri.

Theuri alikuwa mume wa Wachuka, binti wa pekee wa Watiri. Alifuga kondoo huko Chaka, na waya wa ua ulikuwa umemtoboa kiganja wiki mbili nyuma. Alifunga kitambaa akasahau. Pepopunda haisahau. Alifika hospitalini taya zimefungana, mgongo umepinda kama upinde. Daktari Kiambi, kijana wa Meru asiye na maneno mengi, alimtoboa koo akatia mpira, akamdunga dawa ya kulegeza misuli yote, akamwachia mashine kazi ya kupumua. Alimwambia Wachuka kwamba kama mapafu yatakaa safi wiki tatu, mume wake atarudi nyumbani. Wachuka alikuwa na kichanga cha wiki mbili mgongoni, na wodini watoto hawakuruhusiwa. Alimwangalia mumewe kwa dirisha, akarudi Chaka.

Watiri, aliyekuwa palepale na fagio mkononi, yeye alikimbia.

Usimcheke. Kwa Wagikuyu wa rika lake, mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni watu wa kuonana kwa mbali. Kanisa lilisema mambo hayo yamepitwa, watu wakaitikia amina, wakaenda nyumbani wakaendelea. Katika miaka minne ya ndoa, Theuri hakuwahi kula mbele ya Watiri hata kipande cha kiazi. Wakikutana njiani, kijana aliteremka majanini na kumpisha, naye Watiri alivuta leso yake usoni. Akimletea gunia la viazi, aliliacha langoni na kukohoa, basi. Ndiyo ilikuwa heshima yao, na walipendana kwa njia hiyo. Sasa aingie vipi kufagia chini ya kitanda ambacho mkwe wake amelala nusu uchi? Alimwomba Sista Warigia ahamie wodi ya wanawake. Sista alikubali mara moja, maana alikuwa wa kanisa lake na aliijua mila hiyo.

Ila trei na ndoo za taka hazikuhama. Wodi zote mbili zilitumia chumba kimoja cha kuoshea vyombo, na kila asubuhi nesi wa zamu alimletea Watiri trei, Watiri akaipangusa, ikarudi. Siku nane zikapita hivyo.

Siku ya tisa Wachuka alikuja, kichanga mgongoni, akasimama kwenye dirisha. Kisha akamtafuta mama yake akamkuta anakamua matambara.

"Maitu," alisema, na macho yalikuwa makavu kabisa, "Theuri ananuka. Ile harufu imenifikia hapo nje. Kwani anaoza akiwa hai?"

Watiri alimwambia aache maneno ya mkosi. Lakini alipokuwa akisema hivyo alisikia kupitia ukuta wa mbao sauti ya Daktari Kiambi, aliyekuwa kwenye kitanda cha mashine na nesi Gakii.

"Joto limepanda. Pafu la kulia linakoroma chini," alisema daktari. "Uchafu wa mdomoni ndio huwa unateremka. Mate yanapita kando ya mpira, yanaingia kifuani. Mdomo unasafishwa?"

"Ndiyo, daktari. Mara sita."

"Nione kadi." Kadi ikasikika ikichomolewa. "Sawa. Mwongezee penisilini. Tukishindwa kufikia Jumapili, atakuwa kama wale wengine."

Hatua zake zikaondoka. Alikuwa daktari, alikuwa amesoma Kampala, mgonjwa alikuwa mbele yake na mdomo ulikuwa mbele yake. Alisoma kadi.

Watiri alisimama pale na ndoo ya taka ya wodi ya wanaume mkononi. Aliiinamia. Bandeji, gazeti, ganda la ndizi. Akaichokora kwa kijiti mpaka chini. Mara sita kwa siku, siku nane. Pamba zilizosafisha mdomo huo ziko wapi? Ni yeye aliyemwaga ndoo hiyo kila siku, kwa mkono wake, na hakuwahi kumwaga hata pamba moja yenye doa la mate. Akageuka akaitazama trei juu ya meza, inang'aa. Chupa ya gliserini ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kama siku iliyokuja na ndege.

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Aliwaona wale watano mmojammoja, mwalimu Peterson na wenzake, kila mmoja na kinywa wazi, na yeye kando yao anang'arisha chuma akiimba nyimbo za kanisani.

"Shika mtoto wako uende ukae hapo nje kwa jua," alimwambia binti yake. Akainua trei, akasukuma mlango kwa bega.

Gakii alikuwa anambadilishia mgonjwa mwingine shuka. Alikuwa msichana wa Chuka, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu Krismasi. Alipoona trei mikononi mwa Watiri alikuja mbio.

"Mama Wachuka, unapeleka wapi hiyo?"

"Napeleka kwa kazi yake."

"Hiyo ni ya inspection! Si unajua Metroni? Ikichafuka mimi ndiye nitaulizwa."

"Na huyu akikufa utaulizwa na nani?"

 Gakii akasema kwa sauti ndogo, "Niko peke yangu, mama. Vitanda arobaini, na hii mashine. Nikimgeuza, nikimnyonya kohozi kwa koo, nikimpatia uji, saa zimeisha. Haki hakuna mtu ananisaidia."

"Najua uko peke yako. Nakuona. Lakini ya kuweka alama ulipata nafasi," alisema Watiri. "Mara sita kwa siku kalamu ilipata nafasi."

Nesi akaangalia sakafu.

Watiri alilifikia pazia la kitanda, na hapo akasimama. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na alikuwa amelelewa vizuri. Mkono wenyewe ulipanda ukavuta leso kuelekea usoni, kama kwenye njia ya shambani. Aliuona mkono ule unavyofanya, akaukasirikia. Akaisukuma leso nyuma, akafunga fundo kisogoni, akaingia.

Mashine ilikuwa inapiga, fwoo, tii, fwoo, tii, na kifua cha Theuri kikipanda na kushuka kwa amri yake. Taya zilizokuwa zimekazana sasa zililegea, mdomo ukabaki wazi kama mfuko. Midomo ilikuwa imepasuka. Ulimi ulikuwa na gamba la rangi ya kahawa, gumu kama gome, na kwenye meno nyuzi za ute zilikuwa zimekaukiana. Nyuma kabisa, penye giza, kulikuwa na kidimbwi cha mate mazito, na kila mashine ilipovuta, kidimbwi kilitikisika. Watiri alilelewa kando ya mfereji wa maji. Hakuhitaji kufundishwa uchafu wa juu huishia wapi.

"Theuri," alisema, "nisamehe. Si mkweo. Leo mimi ni mfagiaji."

"Hasikii, mama," alisema Gakii nyuma yake. "Dawa imemlaza."

"Basi niache niongee na mimi mwenyewe. Leta hiyo pampu ya kunyonya, ile ya mguu. Mimi siruhusiwi kuigusa."

Gakii alisita, akatazama mlango. Kisha akaivuta pampu na kuanza kuikanyaga. Watiri alikuwa amewaona wanafunzi wakifundishwa mara nyingi kuliko walivyofundishwa wenyewe. Aliinua kichwa cha kitanda, akageuza uso wa Theuri pembeni ili maji yasikimbilie kooni. Alichovya pamba kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaikamua mpaka karibu ikauke, akaishika kwa koleo. Ndani ya mashavu kwanza. Ufizi. Jino moja, nyuma yake, jino la pili. Gakii alifuata na mrija akinyonya kila tone. Gamba la ulimi halikutaka kutoka, akalilowesha na gliserini, akangoja, akalitoa kidogokidogo. Pamba ziliingia nyeupe zikatoka kahawia, zingine na damu, na harufu ilikuwa ya kibuyu cha uji kilichosahauliwa. Alitumia pamba zote za trei. Kibakuli kikajaa.

Alikuwa akipaka gliserini kwenye midomo pazia lilipovutwa kwa nguvu, na Sista Warigia akasimama hapo, nguo nyeupe, mkanda wenye kifungo cha fedha, saa kifuani.

"Nani amechafua hii trei?"

Pampu ikanyamaza.

"Ni mimi, Sista," alisema Watiri.

"Wewe ni mfagiaji. Umesomea wapi kugusa mgonjwa? Imebaki wiki mbili kamati ifike, na wewe unaniletea..." Hapo akamtambua aliye kitandani, na sauti ikabadilika, ikawa ya kanisani. "Watiri. Huyu si mkwe wako? Unamfungua mkwe wako mdomo? Unaingiza mkono? Mama mzima kama wewe! Huna aibu?"

Kwa kweli aibu alikuwa nayo, ilimchoma masikio. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza nyuso, wazee wawili wa Tetu wakitazama ukuta kwa heshima. Alijua kabla ya jioni habari ingefika mpaka Chaka. Alichukua kile kibakuli, akatoka nje ya pazia, akakiweka juu ya daftari jeupe la ukaguzi ambalo Sista alikuwa amelishika kifuani, hata ikambidi Sista alishike kwa mikono miwili ili visianguke vyote.

"Aibu niko nayo," alisema. "Nimekuja nayo kutoka kwa mama yangu na sijaiacha hata siku moja. Lakini angalia hiyo, Sista. Usiangalie mimi. Hiyo imetoka kwa mdomo ya mtu ambaye kadi inasema ati amesafishwa mara sita kila siku. Sasa niambie hiyo ni aibu ya nani. Yangu? Ama ya mwenye hospitali?"

"Unanijibu?"

"Nakujibu. Miaka mitatu nimepanguza trei yako. Watu watano wametoka hapa na blanketi kwa uso. Nilikuwa nafikiri ni Mungu."

Sista Warigia hakupiga kelele. Alikiweka kibakuli chini polepole, akafuta kidole chake, akasema kuanzia saa hiyo Watiri ni wa kufua nguo, na akionekana wodini na sare ya hospitali ataenda nyumbani moja kwa moja. Akaagiza trei ichemshwe, kitambaa kifuliwe, gliserini ijazwe. Halafu akaondoka na daftari lake. Hakumtazama mgonjwa.

Lakini alikuwa amesema na sare. Saa sita kamili, kengele ya kuona wagonjwa ilipolia, Watiri alivua aproni ya kufulia, akavaa koti lake la kanisani, akaingia kwa mlango wa mbele pamoja na jamaa za watu, akiwa na sahani ya bati ya maua kutoka jikoni kwake. Juu yake: pamba, kikombe cha maji ya chumvi, mswaki mpya mdogo wa mtoto. Askari wa mlangoni alimuuliza anamwona nani. "Mkwe wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika, na askari, Mgikuyu wa Mathira, akashindwa kuificha aibu yake akampisha. Jioni saa kumi na nusu, tena. Nafasi zilizobaki Gakii alizichukua. Sahani ilikaa chini ya kitanda nyuma ya ndoo, mahali ambapo Metroni hakuwahi kuinama.

Watu walisema. Waache waseme? Watiri hakuwaacha. Mwanamke mmoja wa kikundi chake cha kanisa alipomwambia kisimani ati afadhali kijana afe na heshima yake, Watiri aliteremsha mtungi akamuuliza kama angesema hivyo juu ya mwanawe, akimtaja jina, na kama angependa wamvishe sanda sasa hivi ili heshima isichelewe. Yule mama aliteka maji yake akaondoka. Wachuka alikuja Alhamisi, akamshika mama yake mikono yote miwili mbele ya watu, akaibusu ikinuka chumvi na gliserini.

Jumapili ilifika, siku ambayo daktari alikuwa ameitaja. Asubuhi joto lilikuwa lilelile. Watiri hakwenda kanisani. Jioni jasho lilimtoka Theuri shuka zima, na Jumatatu Daktari Kiambi alisikiliza kifua chake mara mbili, upande huu na upande ule, akasema penisilini imefanya kazi nzuri. Gakii alimtazama Watiri kupitia dirishani. Watiri alikuwa anaanika mashuka.

Siku ya kumi na tisa mashine ilizimwa, na kifua cha Theuri kikapanda chenyewe.

Kamati ilifika siku nne baadaye, watu sita, wakiongozwa na mzee Hezekiah, mchungaji mstaafu mwenye suti ya kijivu na kofia mkononi. Wodi ilinuka dawa ya sakafu. Theuri aliegemezwa kwenye mito, mwembamba kama fito, mikono ikiwa bado haina nguvu, na kooni ana kijibomba cha fedha alichowekewa badala ya ule mpira. Sista Warigia aliwafikisha pale mwisho kabisa, kwa makusudi.

"Na huyu ndiye fahari yetu," alisema. "Mgonjwa wa kwanza kutoka kwa mashine akiwa mzima. Siri yake ni usafi. Mgonjwa wa mashine lazima asafishwe mdomo, ama uchafu unashuka kifuani. Sisi tunafanya mara sita kwa siku." Akainua kile kitambaa. "Na trei yenyewe ni hii."

Trei ikang'aa. Mzee Hezekiah aliigusa ukingo kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mama mmoja wa kamati akasema kwamba hata wakati wa Wazungu haikuwa hivi.

Watiri alikuwa amesimama mlangoni, mashuka yamejaa kifuani mpaka kidevuni. Alileta nguo, sare mwilini, na alijua hapaswi kuvuka kizingiti. Kumbe alijua! Warigia alijua uchafu unashuka. Alilijua somo lote, neno kwa neno, na alikuwa amelihifadhi chini ya kitambaa.

Ndipo Theuri akainua mkono. Ulichukua muda mrefu, ulitetemeka njia nzima, mpaka kidole kimoja kikafika kwenye tundu la koo na kuliziba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, lakini wodi nzima iliisikia.

"Hiyo trei," alisema, "mimi siijui."

Wakamgeukia.

"Nilikuwa nasikia. Mlisema nimelala, sikuwa nimelala. Sikuweza hata kufungua jicho, lakini maskio ilikuwa inafanya kazi. Siku nane." Akaondoa kidole, akavuta hewa, akakirudisha. "Siku nane nilikuwa nasikia kalamu. Inakuja, inaandika, inaenda. Mdomo yangu ilikuwa inakauka, mate inanishukia kama maji ya moto, na siwezi kulia. Nasikia tu kalamu."

"Ni dawa," alisema Sista Warigia haraka. "Wanaota sana hawa, Mchungaji."

"Sijaota. Siku ya tisa mtu alikuja." Macho ya Theuri yalizunguka wodi, yakafika mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yakamtazama mama mkwe wake usoni bila kukwepa. "Ni yule pale. Mama ya bibi yangu. Aliniambia nimsamehe."

Yule mama wa kamati alijifunika mdomo kwa kiganja. Mzee Hezekiah alimtazama Watiri, akamtazama Theuri, akaelewa maana alikuwa Mgikuyu pia. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipeni kadi."

Gakii akaitoa ukutani. Sauti yake haikutikisika. "Alama za hizo siku nane za kwanza ni zangu, na ni za uongo. Za wale wengine watano pia, mchana zilikuwa zangu. Usiku sijui, lakini hakuna mahali trei ilienda. Andika hivyo."

Sista Warigia alikuwa amesimama wima, uso umekauka, na mkono wake, pengine bila yeye kujua, ulikuwa ukikirudisha kitambaa juu ya trei, ukikinyoosha pembeni.

Mkono ule ndio uliomvusha Watiri kizingiti. Aliyatupa mashuka juu ya kitanda kitupu, akapita katikati ya kamati bila kuomba njia. Kengele ya saa sita ilikuwa inaanza kulia. Akakivuta kitambaa kutoka chini ya vidole vya Sista, akachukua koleo, akafungua gliserini.

"Watiri! Hiyo ni ya ukaguzi!"

"Basi kagueni," alisema.

Akachovya pamba, akaikamua. Akaketi ukingoni mwa kitanda, uso kwa uso na mkwe wake, mbele ya mchungaji na wazee wa Tetu na kila mwenye macho.

"Fungua," alimwambia, na Theuri akafungua mdomo.